Tuta la Dirishani

Waridi la kwanza lilikufa Januari.
La pili lilikufa na tumba moja mkononi,
kama mgeni aliyefika na zawadi akakuta mlango umefungwa.
La tatu sikulingoja. Nililing'oa, nikafagia.

Tuta lenyewe ni hatua sita kwa mbili,
ukutani mwa nyumba yetu ya Tudor,
juani tangu saa tatu hadi magharibi,
udongo nusu chokaa, nusu vifusi vya fundi
aliyejenga choo akasahau kuondoka na mabaki.
Ukimwaga maji yanauliza njia, yanakwenda.

Na maji ni ya Dzombo, ya mkokoteni.
Mfereji wetu hukohoa Jumanne, ukatema upepo.
Nilikuwa nikinunua mitungi minne:
wa kupika, wa kuoga, wa mama,
na wa waridi.

Siku moja akasimama, shati limemganda mgongoni,
akanitazama nikimimina.
"Mama, hulinyweshi ua wewe. Walinywesha jua.
Na jua halishibi."
Mtu wa kuuza maji, akaniambia hivyo.

Nikamtajia sharti langu moja:
kisiwe kitu kirefu.
Nyuma ya tuta pana dirisha, na nyuma ya dirisha pana mama,
na mito miwili iliyopandanishwa
ili aione njia: nani kapita, nani kanenepa,
nani hakusalimu.
Chochote kitakachovuka goti kitamfungia mji.

Jumapili akaja bila mitungi,
kabeba gunia la saruji begani.
Mlakasa, vipande vya kutoka mchanga wa Likoni,
kule unakotambaa hadi chumvi ikauonja, ikauacha.
Shubiri za kwao Kinango, fupi, zenye madoa,
miiba kama meno ya mtoto.
Mkonge mwitu usiozidi kiganja.
Kivumbasi, mche mmoja tu;
hiki utakikata kila mara, alisema,
kina tabia ya kujiona mti.
Na kitu cha majani manene, mashina mekundu,
kimelala chini kama kilichokatazwa kusimama.
"Na hiki?"
Akatazama pembeni. "Tako la Hasani."

Mama alisikia. Masikio yake hayajazeeka.
"Hasani gani?" akauliza kutoka kitandani.
Dzombo akainama juu ya jembe, mabega yakicheka.

Tulipanda mbalimbali, bila samadi,
kokoto za matumbawe katikati.
Maji wiki mbili, kisha basi.
Hiyo basi ndiyo iliyokuwa kazi:
mkono wangu uliwashwa jioni
kama wa mama aliyemwachisha mwana ziwa.

Kaskazi ikaingia, mabati yakalia mchana kutwa.
Kila asubuhi nilitoka nikitarajia maiti.
Mlakasa ulikuwa umevuka kokoto,
umetoa ua la zambarau
lililojifunga kabla ya adhuhuri, limemaliza siku yake.
Shubiri zikageuka rangi ya kutu.
"Hazifi," Dzombo akasema. "Zimevaa nguo za jua.
Mvua ikija zitavua."
Si nzuri kama waridi, nisidanganye.
Jirani yangu Mwanaidi aliniuliza nitapalilia lini.

Sasa nanunua mitungi mitatu.
Dzombo huhesabu sarafu, akalitupia tuta jicho:
"Robo ya mshahara wangu imelala pale."
Namtilia chai.

Na mama, kila pazia likivutwa,
huiona njia yote hadi duka la mkaa,
kisha huteremsha macho
kwa wale waliolala juani bila kuomba,
akauliza upya, kama jana hakuuliza:
"Hasani gani?"
Kila siku namtajia mwingine.
Leo nimemwambia: yule fundi saa
wa Bondeni, aliyekuposa ukamkataa.
Akanyamaza kidogo.
"Alikuwa mfupi," akasema.
"Lakini hakuhitaji mengi."